Droni imenasa juu ya mti mrefu na mvua iko njiani, naomba ushauri

Kipanga:
Wakuu, habari zenu. Nimekwama, naomba mwenye uzoefu anisaidie.

Jana jioni nilikuwa narusha droni kwenye sherehe ya bibi yetu aliyetimiza miaka 90. Nilitaka picha ya mwisho, wajukuu wote wamemzunguka, nikawa nairudisha kinyumenyume taratibu huku macho yako kwenye skrini. Hii yangu ina vihisi vya mbele na vya chini tu, nyuma haioni. Nikasikia propela zinakwaruza majani, picha ikapinduka, kisha kimya.

Imenasa kwenye mkaratusi. Nimepima kwa kivuli: fimbo ya mita 1 ilitoa kivuli cha sentimita 80, mti ukatoa cha mita 20, kwa hiyo urefu wake ni kama mita 25. Droni iko karibu robo tatu ya mti, tuseme mita 18. Imelala chali, mikono yake miwili ya kushoto imeingia kwenye panda ya tawi. Taa ilipepesa mpaka usiku, ikazimika.

Kinachoniuma zaidi ni memori kadi. Video zote za bibi ziko humo na sijahamisha hata moja. Mawingu yameanza kukusanyika. Mdogo wangu anasema atapanda. Nimemkatalia, ila sina jibu jingine la kumpa. Nifanyeje?

Shina:
Mkuu, endelea kumkatalia. Kazi yangu ni kupogoa miti. Mkaratusi una tabia mbaya, tawi unaliona zima kabisa na linakatika bila kukuonya, halafu shina ni laini, huna pa kushika. Sisi wenyewe hatupandi bila mkanda wa mwili na kamba.

Kabla sijasema lolote, kuna waya wa umeme karibu na huo mti? Usirushe kitu wala kuinua mlingoti mpaka unijibu.

Kipanga:
Hakuna. Nimezunguka mti wote. Waya wa karibu zaidi uko zaidi ya mita 50.

Mwendo:
Tafuta mwenye droni nyingine, afunge ndoano kwenye uzi, ainyanyue hiyo iliyonasa.

Bi Asumini:
Hapana jamani, hilo nimelishuhudia. Uzi ulisukumwa na upepo wa propela ukajizungusha kwenye tawi, zikabaki mbili juu.

Kaka Kipanga, pole sana. Betri yako imeshaisha, lakini nawaandikia na wengine watakaosoma: droni ikinasa, msiwashe mota mkidhani itajitikisa itoke. Propela ikiwa imebanwa, mota inavuta umeme mwingi bila kuzunguka, inaungua. Mimi niliunguza mbili kwa dakika moja. Kama betri ingali hai, bonyeza ile sehemu ya programu ya kutafuta droni, ilie na kuwaka taa, ujue iko tawi gani.

Shina:
Vizuri kama hakuna waya. Sasa tupitishe kamba juu ya tawi.

Chukua kitambaa kigumu, shona kifuko kidogo, kijaze mchanga mpaka gramu 300 hivi, kisha ushone mdomo. Usifunge jiwe. Jiwe linachomoka kwenye fundo likiwa juu, na hujui litamshukia nani. Kifuko kifungwe uzi wa nailoni ulio laini, unene wa milimita 2, urefu usipungue mita 50, maana unapanda mita 20, unashuka mita 20, na wewe unahitaji wa kushika. Uzi usiuzungushe kwenye kijiti, utajifunga kifuko kikiwa hewani. Umwage taratibu ndani ya beseni pana, mwenyewe utatoka bila kukwama.

Kwa mkono, mtu asiyezoea hafiki mita 18. Tengeneza manati kubwa: panda imara ifungwe juu ya mlingoti wa mita 2, mlingoti ukae ardhini, mpira uuvute kwenda chini kwa mikono miwili. Watu wote wakae nyuma yako. Kifuko kikigonga tawi kinarudi.

Lenga tawi lilelile lililoshika droni, ila mita moja hivi kuelekea ncha, ndiko tawi linakocheza. Kikishapita, legeza uzi kidogo kidogo, kitashuka kwa uzito wake. Kikifika chini, funga kamba nene kwenye uzi uivushe juu. Usitikise kwa ule uzi mwembamba, utakukata viganja. Ukishika ncha zote mbili za kamba, simama pembeni, si chini ya tawi, vuta halafu uachie ghafla. Tawi likiruka juu ndipo droni inachomoka. Usining'inie kwenye kamba, utashusha tawi zima.

Upepo ukiwepo, acha. Alfajiri ndiyo huwa shwari.

Bi Asumini:
Na huko chini tandazeni kitu. Kitu kinachotoka mita 18 kinaweza kufika chini kwa kasi ya karibu kilomita 65 kwa saa. Turubai kubwa, watu wanne kwenye pembe, wamevaa kofia ngumu, na lilegee katikati. Mkilikaza, droni itaruka upya. Ikishuka, toa betri kwanza, na usiichaji hata ikionekana nzima.

Kipanga (mrejesho):
Wakuu, imeshuka!

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Mara kumi za kwanza kifuko kilipita pembeni au kiligonga shina. Mara ya kumi na moja kilipita juu kabisa ya tawi, kikaning'inia kikizunguka, na nilipolegeza uzi kikaanza kushuka kidogo kidogo mpaka mdogo wangu akakidaka. Tukavusha kamba. Mitikiso mitatu, droni ikageuka. Wa nne, ikachomoka, ikanasa tena kwa mguu mmoja kwenye tawi la chini yake, ikabaki pale kama pumzi mbili hivi, halafu ikaanguka ukingoni mwa turubai.

Mkono mmoja umevunjika, kamera inaning'inia kwa utepe wake wa nyaya. Betri imevimba katikati. Memori kadi ni nzima. Video zote zinafunguka isipokuwa ile ya mwisho, ndiyo yenye wajukuu wote. Kompyuta inasema faili limeharibika.

Bi Asumini:
Alhamdulillah. Usiandike chochote kwenye hiyo kadi, na ukiulizwa uifomati ukatae. Faili halikufungwa umeme ulipokatika, picha zenyewe bado zimo. Nakili kila kitu kwanza. Kisha tafuta programu ya kutengeneza video zisizofungwa, uipe na video nzima iliyopigwa na kamera hiyohiyo kwa mipangilio ileile, itaifuata kama kielelezo.

Betri iliyovimba usiitoboe wala kuibana. Iweke nje, ndani ya chombo cha chuma chenye mchanga, mbali na nyumba, kisha uipeleke wanakopokea betri chakavu. Usiitupe na takataka za kawaida.

Kipanga:
Betri iko kwenye mchanga, dada. Na video imefunguka sasa hivi, nimetumia ile ya kukata keki kama kielelezo. Sekunde za mwisho zimepotea, lakini bibi yumo, ameinua uso kutazama droni na mkono wake uko juu ya kichwa cha kitukuu. Natafuta mkono wa kubadilisha ule uliovunjika. Mwenye uzoefu wa kufungua utepe wa kamera anielekeze, sitaki kuuchana.

Shina:
Hilo la utepe nawaachia mafundi. Kamba umeitoa mtini? Usiiache, watoto wataivuta.

Kipanga:
Nimeitoa, mkuu. Iko kwenye beseni.