Naomba ushauri: pango la barafu Iceland mwezi Februari, tuna mtoto wa miaka 9

BintiWaPangani
Habari zenu wakuu. Tunaishi Hamburg, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 9. Katikati ya Februari tutakuwa Iceland siku 5, na shabaha ni kuingia pango la barafu kule kwenye barafu kubwa ya Vatnajökull. Tukodi gari au tuchukue basi la ziara kutoka Reykjavík? Nguo zipi ninunue, zipi niache? Na usalama je, maana kuna ile ajali ya barafu kumomoka ya 2024? Bei ninazoziona ni krona 20,000 hadi 30,000 kwa mtu.

MkaaKaskazini
Bei ndizo hizo kwa ziara zinazoanzia maegesho ya ziwa la Jökulsárlón. Humo mna gari kubwa la matairi mapana la kuwafikisha karibu na barafu, helmeti, muongozaji na kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu. Nguo na viatu ni juu yenu.

Basi la siku moja sikushauri. Reykjavík hadi Jökulsárlón ni kama kilomita 375, saa 5 barabara ikiwa safi, na Februari mara nyingi si safi. Mtoto atakaa kwenye kiti saa 10 ili aone pango kwa dakika 45.

Kwa siku 5 ningepanga hivi: siku ya 1 mshuke uwanja wa ndege wa Keflavík na mlale kijiji cha Vík. Siku ya 2 mwendeshe kilomita 190 hadi upande wa Jökulsárlón, mlale sehemu ziitwazo Hof au Hali. Pango siku ya 3, saa 4 au 5 asubuhi. Siku ya 4 iacheni wazi kabisa, ni akiba. Dhoruba ikifuta ziara ya siku ya 3 mnahamia siku ya 4, isipofuta mnarudi Vík taratibu. Siku ya 5 uwanjani, ndege ikiwa ya jioni. Watu wengi hulikosa pango kwa sababu waliweka ziara siku ya mwisho, barabara ikafungwa, basi.

Mzee wa Kramponi
Nianze na usalama, hapo ndipo pa kuuliza kwa makini.

Pango hizi huchimbwa na maji. Kiangazi barafu inayeyuka, maji yanatiririka ndani na chini yake na kutoboa mahandaki. Baridi ikiingia maji yanapungua, handaki linabaki tupu na watu wanaweza kuingia. Ndiyo maana msimu ni Novemba hadi Machi, na ndiyo maana pango la mwaka jana huenda mwaka huu halipo. Ajali ya Agosti 2024 ilitokea Breiðamerkurjökull, mkono wa barafu unaoshuka kutoka Vatnajökull, barafu ilipomomoka: Mmarekani mmoja alifariki, mwenzake akajeruhiwa. Ilikuwa kiangazi, barafu ikiyeyuka kila siku. Baada ya hapo ziara za mapango ya pale zilisimamishwa kwa muda.

Februari hatari inapungua, haiishi. Adui wa Februari ni mvua. Joto likipanda juu ya sifuri na mvua ikanyesha, maji yanajaa pangoni kwa saa chache. Kwa hiyo kabla ya kulipa, waandikieni muwaulize: nani hukagua pango, na hukaguliwa kila asubuhi? Muongozaji mmoja anachukua watu wangapi? Pango likijaa maji, kuna jingine au mnarudisha hela? Kampuni inayojibu "usijali, tunaenda hali yoyote" iacheni. Kibali cha kazi ndani ya hifadhi ya Vatnajökull nacho kiulizeni.

Sasa mtoto. Kampuni nyingi zinaanzia miaka 8, nyingine 10, lakini kikwazo chenyewe ni mguu. Kramponi nyingi hazishiki vizuri kiatu kilicho chini ya namba 35. Anavaa ngapi?

BintiWaPangani
Anavaa 34. Ana viatu vya theluji vya shule, laini.

Mzee wa Kramponi
Hivyo vilaini viacheni nyumbani. Soli ikikunjika, kramponi inachomoka, mara nyingi kwenye mteremko. Mnahitaji buti la kupandia mlima, linalofunika kifundo, soli ngumu. Mnunulieni namba 35 na soksi nene ya sufu, na muitaje namba hiyo kwenye barua ya kuweka nafasi ili wabebe kramponi ndogo. Ninyi wakubwa, buti za aina watu wanazopandia Kilimanjaro zinatosha kabisa.

Mkishavaa: vifungo vikae upande wa nje wa mguu, mkia wa mkanda uchomekwe usining'inie, suruali pana ibanwe ndani ya soksi. Tembeeni miguu imeachana kidogo, kila unyayo ukitua bapa, meno yote yashike. Anayetua kwa kisigino kama yuko lami huteleza, na anayeburuta mguu hujikwaa kwenye suruali yake mwenyewe.

Dada Sufu
Nguo: ya ndani kabisa iwe ya sufu au ya michezo, juu yake sweta, juu kabisa koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Jinzi na fulana za pamba hapana, zikilowa hazikauki na zinanyonya joto la mwili. Pangoni kwenyewe ni karibu nyuzi sifuri na hakuna upepo, wala si baridi ya kutisha. Tabu iko njiani kutoka garini. Glavu beba jozi mbili, moja italowa tu. Kofia iwe nyembamba ili helmeti ikae juu yake. Yenye kishada haifai.

Dereva wa Njia 1
Kodini gari la magurudumu manne lenye matairi ya misumari, na muulize kwa maandishi kama misumari ipo. Kila asubuhi fungueni umferdin.is kwa barabara na vedur.is kwa upepo. Upepo ukikaribia mita 20 kwa sekunde, gari dogo lisitoke. Mkiegesha, pua ya gari ielekee upepo, na mlango ufunguliwe kwa mikono miwili. Upepo hung'oa milango kule, na bima nyingi hazilipi hilo.

Mafuta jazeni Vík na Kirkjubæjarklaustur, Jökulsárlón hakuna pampu. Kadi iwe na namba ya siri, pampu nyingi hazina mhudumu. Madaraja membamba ya kupita gari moja kwa wakati yapo bado. Aliyefika kwanza ndiye anayepita. Katikati ya Februari upande ule jua linachomoza karibu saa 3 asubuhi na kuzama saa 11 na nusu jioni, safari yote iingie humo.

Njiani mtapita Reynisfjara, ufukwe wa mchanga mweusi. Mtoto ashikwe mkono, mbali na maji. Mawimbi yake yanakuja ghafla na yameshaua watu.

Chombezo
Kwa nini msiende tu pango la barafu la Katla? Ziara inaanzia Vík, mnaokoa kilomita 380 za kwenda na kurudi, na linaingilika mwaka mzima.

MkaaKaskazini
Mkuu, Katla ni akiba nzuri barabara ya mashariki ikifungwa. Ila barafu yake ina mistari myeusi ya majivu ya volkano. Anayetaka ile buluu aende Vatnajökull.

Fundi Lenzi
Na hiyo buluu msiitegemee kama ya picha za matangazo. Inatokana na barafu iliyogandamizwa hadi viputo vya hewa vikatoka. Mwanga mwekundu unamezwa, wa buluu unapita. Paa likifunikwa na theluji nene, pango linakuwa kijivu. Kwa simu, gusa sehemu ya buluu kwenye kioo kisha shusha mwangaza kidogo, usipofanya hivyo mlango wa pango utakuwa doa jeupe. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inamaliza chaji. Mkirudi garini, kamera ibaki ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto, la sivyo lenzi itajaa ukungu.

BintiWaPangani
Asanteni sana. Siku ya 4 nimeiacha wazi, na barua ya kuuliza kramponi ndogo imeshaenda. Wakisema hawana za 35?

Mzee wa Kramponi
Tafuta kampuni nyingine. Usikubali wakuambie watazifunga kwa kamba.