Leseni ya kuagiza bidhaa nje, 1982 na 1985: kwa nini Benki Kuu?

Kijana_wa_Tabora: Habari wakuu. Nimefungua sanduku la marehemu baba, alikuwa na duka la spea za baiskeli. Nimekuta leseni mbili za kuingiza bidhaa, ya 1982 na ya 1985, zote za Benki Kuu. Kwa nini si wizara ya biashara? Halafu hii ya 1985 inasema mwagizaji anatumia fedha zake mwenyewe. Kwani mwanzo alitumia za nani?

Karani_Mstaafu: Umenichekesha, lakini hapo ndipo penyewe. Shilingi zilikuwa za baba yako, dola zilikuwa za serikali. Leseni ile hasa ilikuwa ruhusa ya kupewa dola.

Nilikuwa karani wa duka Mwanza, fomu hizo nimezijaza mpaka kidole kikaota sugu. Unapata profoma, yaani ankara ya awali ya bei, kwa muuzaji wa nje, unaipeleka NBC, benki ya biashara ya serikali, wao wanaipeleka Benki Kuu, unangoja. Baada ya vita vya Kagera na mafuta kupanda bei 1979, fedha za kigeni zilikauka. Spoku za baiskeli utaziweka mbele ya dawa na mafuta? Mara moja kibali cha tyubu kilitoka wakati profoma imeshakwisha muda. Tukaanza upya. Na 1983, msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa, ulipopamba moto, bosi wangu alikesha kwa ajili ya katoni tatu zenye risiti zote!

Bajeti ya 1984 ndiyo iliyofungua mlango: mwenye dola zake aagize, haulizwi kazitoa wapi. Leseni ilibaki, foleni ya kugawiwa dola ndiyo uliyoikwepa. Baba yako alizitoa wapi, sijui, nami simuulizi marehemu.

Mama_Ujiji: Shikamoo mzee. Wengine dhahabu, wengine kahawa iliyovuka mpaka usiku, wengine ndugu walio nje. Mimi nakumbuka pikapu tu, ghafla kila kona pikapu. Na dawa ya meno dukani bila kujuana na mtu.

Karani_Mstaafu: Marahaba mama. Na bei yake je? Hapo hukutaja.

Mama_Ujiji: 😂 Tulirudi kwenye chumvi na mkaa.

Kijana_wa_Tabora: Ahsanteni. Humu sandukuni kuna barua za baba mdogo kutoka Maskati, zimefungwa kamba moja na hiyo leseni ya 1985. Ngoja nizisome vizuri.