Ametuita "WATU WA TOCHI" mbele ya ukumbi mzima, na mnamjua

JuaKali_Mchana:
Wakuu, naandika huku vidole vinatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie.

Simtaji. Kila mwenye kadi ya chama chochote cha nishati anamjua. Yule anayeongea kana kwamba maporomoko yote ya nchi hii aliyachimba yeye kwa jembe.

Leo tumeitwa vyama vyote: jua, upepo, maji, jotoardhi, betri na jamaa wa gridi, tuandike mpango mmoja wa kufikisha umeme safi nchi nzima. Bango la ukutani limeandikwa PAMOJA, herufi kubwa kuliko mlango. Nikasimama kutoa hoja yetu: tuanze na jua kule ambako gridi haijafika, maana mtambo wa jua mwaka mmoja au miwili umesimama, wakati njia ya msongo mkubwa inaweza kumaliza miaka kumi ikiwa bado kwenye makaratasi. Sentensi haijafika nukta, yule bwana akawasha tochi ya simu, akanimulika usoni: "Kaeni kwanza, watu wa tochi. Saa kumi na mbili jioni mmeshazimika."

TOCHI! Ukumbi ulicheka mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi. Mwenyekiti kacheka. Mkalimani wa lugha ya alama kacheka kwa mikono miwili.

Na hakuizima! Hoja nzima nimeimalizia jicho moja limefumba. Bei ya paneli imeanguka kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai 2023 mataifa yamekubaliana uwezo wa nishati jadidifu uongezwe mara tatu ifikapo 2030. Mzigo huo ataubeba nani kama si hao hao wa tochi? Kanimulika USONI, wakuu.

KozoMbili:
Nimesoma yote. Swali dogo tu: saa kumi na mbili mnazimika au hamzimiki?

JuaKali_Mchana:
Betri zipo. Usinitoe kwenye mada.

NgojaWaje:
Chai hii. Weka picha ya tochi.

Kusi_na_Kaskazi:
Mleta uzi unalilia tochi? Sisi wa upepo tunaitwa "mapangaboi" tangu kikao cha kwanza. "Mapangaboi leo yanazunguka?" Denmark zaidi ya nusu ya umeme wao unatoka kwenye hayo mapangaboi. Na wewe siku hiyo ulicheka, nilikuona.

MvukeWaChini:
Nyie mna afadhali, mna majina. Sisi wa jotoardhi tunazalisha usiku na mchana, mvua na kiangazi, lakini kwenye rasimu ya mpango tumewekwa chini ya "Mengineyo". Mtu unachimba kisima kinashuka kilomita mbili, tatu chini ya ardhi, unatoka huko unaitwa Mengineyo!

BwawaLimejaa:
Mzee aachwe. Jioni jua likizama wote mnakuja kwetu mnapiga magoti. Tunafungua maji, dakika chache mitambo imepanda. Hata hiyo hifadhi ya umeme mnayoringia, duniani sehemu kubwa bado ni maji yanayosukumwa mlimani umeme ukizidi, yakaachiwa ukipungua.

Kusi_na_Kaskazi:
Na ukame ukija mnampigia nani magoti?

BwawaLimejaa:
Usinianze.

NguzoNaWaya:
Wote mnagombania kuzalisha. Utasafirisha kwa ndoo? Ukipandisha msongo mara mbili, kwa mzigo ule ule na waya ule ule, umeme unaopotea njiani unabaki robo. Nilikuwa naeleza hilo, nikaambiwa muda wa maswali umekwisha. Australia Kusini jimbo zima liliingia gizani Septemba 2016 baada ya dhoruba kuangusha MINARA. Lakini nani anatujali.

BwawaLimejaa:
Malizia hadithi. Minara ilianguka, halafu mitambo ya upepo ikajitoa kwenye gridi yenyewe.

Kusi_na_Kaskazi:
Ilikuwa ni mipangilio ya kinga, ilisharekebishwa! Miaka yote hii bado mnatukumbusha tu!

Lithiamu:
Na 2017 aliitwa nani kuokoa jahazi? Betri ya megawati 100 pale Hornsdale, huko huko Australia Kusini. Ila kwenye mkutano wetu watu wa betri tumekalishwa meza ya usajili, tukaombwa tuchaji simu za wajumbe.

JuaKali_Mchana:
Ikiwemo simu yenye TOCHI. Turudi kwenye mada jamani.

KozoMbili:
Posho mlipata?

MvukeWaChini:
Posho gani? Sisi tuliambiwa fomu zimeisha.

Lithiamu:
Fomu zimeisha? Watu wa maji nimewaona wanasaini mara mbili.

BwawaLimejaa:
Thibitisha au futa.

JuaKali_Mchana:
Wakuu, kanimulika usoni...

NguzoNaWaya:
Subiri kwanza. Mimi nimefika pale nikakuta mstari wangu umeshasainiwa. Aliyesaini ajitokeze mwenyewe, maana fomu niliipiga picha na mwandiko naufahamu. Napakia sasa hivi.