Tunapanga safari ya baiskeli za milimani, jamaa anauliza "shemeji atasubiri wapi?"

Mama Mteremko:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikikosea mnivumilie.

Mnamjua. Sitamtaja na msinilazimishe kumtaja, ila mnamjua. Yule ambaye kila sentensi yake inaanza na "nilipokuwa Whistler", ile bustani ya baiskeli za milimani kule Kanada. Ana stika ya A-Line, njia maarufu ya huko, kwenye helmeti, kwenye gari, kwenye kompyuta, na siku akifa itabandikwa kwenye jeneza. Huyo huyo.

Mimi na mume wangu tunapanga likizo ya baiskeli nje ya nchi, sisi wawili tu. Kazi yote nimefanya mimi. Nimekesha na ramani za Les Gets na Morzine, vijiji vya baiskeli za milimani kule Ufaransa, mpaka macho yakawa mekundu kama alama ya mteremko mgumu. Nimejua kwamba eneo lote la Portes du Soleil, vilipo vijiji hivyo, limekaa mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, unapanda lifti ya mlimani nchi hii unashukia nchi ile, na kwa kuwa zote ziko kwenye kundi la nchi za Ulaya la Schengen, viza ni moja tu. Bima ya viza, ile isiyopungua euro 30,000, nimeitafuta mimi. Kusoma yale maandishi ya sisimizi kujua kama bima inakubali mtu anayeshuka mlima kwa baiskeli au ukivunjika ni shauri yako, mimi. Mchango wa mume wangu ulikuwa kuuliza kama hoteli ina bwawa.

Jana akamwita huyo jamaa "atushauri". Nikasema sawa, mtu ameshafika huko duniani, tumsikilize. Nikatandaza ramani mezani. Nikaweka kidole kwenye njia nyekundu, yaani ngumu, ninayoitaka siku ya kwanza. Nikaanza kueleza tarehe.

Jamaa akaitazama ramani. Akakitazama kidole changu. Kisha akageuza shingo TARATIBU kuelekea kwa mume wangu, kana kwamba mimi ni pazia, akamuuliza:

"Na shemeji, yeye atasubiri wapi?"

Atasubiri.

WAPI.

Nawarudia waliochelewa kuingia. Ramani nimeitandaza mimi. Kidole kilichokuwa kwenye njia nyekundu ni changu. Makovu ya magotini ni yangu, mume wangu magoti yake ni laini hajawahi kuanguka kwa sababu hajawahi kuachia breki. Halafu mtu mzima, mwenye meno yote, anauliza NITASUBIRI wapi! Nilinyamaza mpaka saa ya ukutani ikaona aibu ikasimama.

Hakuishia hapo. "Chini ya lifti kuna mikahawa mizuri, shemeji hatachoka kukaa." Hatachoka kukaa! Akashauri twende Oktoba kwa sababu "watu wanakuwa wamepungua". Kweli watapungua, maana lifti za baiskeli kule Septemba ndiyo zinafungwa, tutapungua mpaka sisi wenyewe. Kisha eti tumtafutie shemeji baiskeli ya umeme, aondoke nayo huku huku kwenye ndege. Betri ya baiskeli ya umeme, kwenye ndege ya abiria! Mwisho unaoruhusiwa ni wati-saa 160, na hata akibembeleza shirika hawezi kuvuka hapo. Hizo za baiskeli nyingi zina 400 na zaidi. Anataka nikamatwe kabla sijafika hata huko kwenye kusubiri.

Lakini hayo yote namsamehe. Oktoba namsamehe, betri namsamehe. "Atasubiri wapi" simsamehe mpaka naingia kaburini.

Les Gets hiyo hiyo, mwaka 2022, mashindano ya ubingwa wa dunia. Mbio za kushuka kwa wanawake kachukua Vali Höll. Zile za kupanda na kushuka kachukua Pauline Ferrand-Prévot. Hao nao waliulizwa watasubiri wapi? Walisubiri, ndiyo. Juu ya jukwaa, wavalishwe medali.

Nina hasira. Msiniletee busara.

Tairi Chakavu:

Hahahaaa nimemjua kabla sijamaliza aya. Mimi alinipangia Moab, kule Utah, Marekani. Mapema mwezi wa tano akasema tuanzie juu kabisa ya njia inayoitwa Whole Enchilada, pale Burro Pass, zaidi ya mita 3,300. Theluji ilikuwa inanifika kiunoni. Kule juu watu wanasubiri mpaka kiangazi kianze ndipo wapite. Nikampigia simu, akaniambia "nilipokuwa Whistler theluji ya hivyo tunaiita umande".

Mnyororo Mkavu:

Mleta mada, kuna mahali umeruka. Jamaa alipouliza lile swali, mume wako alifanya nini?

Mama Mteremko:

Alicheka. Kidogo. Cheko la puani. Lakini mada si mume.

Mnyororo Mkavu:

Mada ni mume.

Gia ya Kwanza:

Mada ni mume. Uzi ungeweza kufungwa hapa.

Mama Mteremko:

Mume nitamalizana naye mwenyewe nyumbani, ameshaanza kuosha vyombo bila kuambiwa. Nazungumzia yule aliyetazama kidole changu KIKIWA kwenye njia nyekundu akauliza nitasubiri wapi.

Breki ya Nyuma:

Tuache ushabiki. Wapo wengi wanaosafiri na wenza wasioendesha. Huenda jamaa aliuliza kwa nia njema ili apange ratiba. Na hiyo njia nyekundu, huenda hakuielewa. Whistler hakuna nyekundu. Kule ni kijani, buluu, nyeusi, halafu nyeusi mbili. Nyekundu ni mambo ya Ulaya, inakaa katikati ya buluu na nyeusi.

Tairi Chakavu:

Kwa hiyo unamtetea kwa kusema mshauri wa safari za Ulaya hajui rangi za Ulaya. Endelea mkuu, unamsaidia sana.

Bibi Shokapu:

Msinikumbushe rangi. Mimi mwenzangu alinipeleka mahali akasema "ni buluu tu mpenzi, buluu ni buluu". Buluu ya bustani yenye lifti imechongwa na mashine, kona zina kingo. Buluu ya msituni ni mizizi, mawe na machozi. Niliposhuka nilikuwa sina sauti. Akaniuliza "umeionaje?" HIYO ndiyo kauli mbaya kuliko zote kwenye uzi huu, "umeionaje". Afadhali yako wewe uliyeambiwa ukae mkahawani.

Mama Mteremko:

Dada yangu, hatushindani.

Bibi Shokapu:

Tunashindana na nimeshinda.

Mgeni_Mpya:

Habari za humu. Mimi simjui mhusika, ila nadhani alieleweka vibaya. Kule Whistler huwa tunauliza swali hilo kwa kila mtu, ni utaratibu tu.

Gia ya Kwanza:

Karibu sana mkuu. Umejiunga leo?

Tairi Chakavu:

Hahahahaha mwacheni jamani, amevua stika kabla ya kuingia.

Mama Mteremko:

WEWE. Nijibu. NITASUBIRI WAPI?

Mnyororo Mkavu:

Ameshatoka. Taa yake ya kijani imezimika.

Kofia Ngumu:

Mimi nalalamika upande wa pili. Mke wangu ndiye mpangaji. Alichagua Finale Ligure, Italia, akaniambia "ni baharini, tutapumzika". Bahari ipo, sikatai. Ila unapakiwa kwenye gari na baiskeli yako, linapanda, linapanda, mpaka ilipokuwa kambi ya zamani ya NATO huko milimani, karibu mita 1,000 juu ya hiyo bahari ya kupumzikia. Wanakushusha, gari linageuza. Yeye akashuka anaimba. Mimi nikashuka natubu dhambi za utotoni, hadi zile ambazo sikufanya. Nilipofika chini alikuwa ameoga, amekula, amelala, ameamka. Mimi ndiye shemeji anayesubiriwa na hakuna aliyenifungulia uzi.

Bibi Shokapu:

Mke wako anapatikana? Nataka kusafiri naye.

Mnyororo Mkavu:

Kaka umefanya vizuri kukiri hadharani, ila ungekaa mkahawani. Umeshauriwa.

Mama Mteremko:

Huyu kanielewa kinyumenyume. Mimi nataka KUSHUKA. Nilikuwa nimeshika ramani. Mbona mnahama?

Msafiri Mpole:

Samahani kuingilia. Naona hapa kuna wataalamu. Safari yetu ni kesho, mke wangu ameshafunga baiskeli yake kwenye boksi na anafunga begi la pili, mimi bado niko sakafuni. Pedeli ya kulia imetoka vizuri. Ya kushoto imegoma. Nazungusha kinyume cha saa kwa nguvu zangu zote na za baba mkwe.

Breki ya Nyuma:

Pedeli ya kushoto uzi wa skrubu yake ni wa kinyume. Inafunguliwa kwa kuzungusha kuelekea inakoenda mishale ya saa. Ulikuwa unaikaza.

Msafiri Mpole:

Tangu asubuhi??

Breki ya Nyuma:

Tangu asubuhi.

Gia ya Kwanza:

Na baba mkwe akiwa amekalia fremu. Daaah.

Spoku Moja:

Mkuu unaenda wapi? Kama ni New Zealand osha tairi na viatu hadi ving'ae, na kwenye fomu tamka kila kitu. Sisi tulikuwa tunaelekea Rotorua, kwenye ile misitu ya Whakarewarewa. Mume wangu kafunga viatu vya baiskeli vina tope la msimu mzima, fomu inauliza kuhusu vifaa vyenye udongo, yeye katiki HAPANA kwa kujiamini. Akalamba faini ya dola 400 za kule, hapo hapo. Hela ya siku za lifti imeliwa na tope. Halafu kwenye teksi ananiambia "si ungenikumbusha". SI UNGENIKUMBUSHA! Sasa hiyo ndiyo kauli. Mleta mada usijali, kuulizwa utasubiri wapi ni maneno tu. Mimi nilisubiri kweli, dawati la uwanja wa ndege, nimesimama na begi la mtu mwingine.

Bibi Shokapu:

Sawa, hiyo inaweza kuipiku "umeionaje". Nakupa nafasi ya kwanza kwa shingo upande.

Mama Mteremko:

Uzi ni wangu na siko hata kwenye tatu bora?

Mnyororo Mkavu:

Wewe uko nafasi ya mume.

Msafiri Mpole:

Tunaenda Morzine. Baiskeli ni ya mke wangu hiyo ya boksi, hii ni yangu, ila nikifika nafikiria kukodi tu yenye shokapu ndefu zaidi.

Kofia Ngumu:

Ukikodi kule angalia breki kabla hujapanda! Ulaya bara breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Aliyezoea mtindo wa Uingereza, ya mbele ni kulia. Nilichukua baiskeli, kona ya kwanza nikabana nilichodhani ni ya nyuma. Nikapita juu ya usukani mbele ya darasa la watoto. Walipiga makofi. Mmoja akaomba nirudie.

Spoku Moja:

Duka la kukodi ukiwaambia mapema wanakubadilishia. Wengi wao wameshazoea hilo ombi.

Tairi Chakavu:

Kubadilisha ni ulegevu. Siku moja tu mkono unazoea. Ya mbele kushoto ndiyo sahihi, mkono wa kulia wenye nguvu uachiwe ya nyuma.

Breki ya Nyuma:

Kinyume kabisa. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha, ndiyo inayotaka mkono makini. Kulia.

Tairi Chakavu:

Jina lako Breki ya Nyuma halafu unatetea ya mbele. Hujielewi.

Mama Mteremko:

Jamani. Mnakumbuka kuna mtu aliuliza nitasubiri wapi?

Gia ya Kwanza:

Tunakumbuka. Wewe ya mbele iko mkono gani?

Mama Mteremko:

Kulia. Na pikipiki zote ya mbele ni kulia, kwa hiyo Tairi Chakavu huna hoja.

Tairi Chakavu:

Pikipiki mkono wa kushoto una klachi! Baiskeli yako ina klachi?

Mama Mteremko:

Usinipandishie. Nenda kaulize wanaoshindana mbio za kushuka, wamejaa tele wa breki ya mbele kulia, na wanakupita kabla hujafungua mdomo.

Breki ya Nyuma:

Mwambie dada. Mwambie.

Msafiri Mpole:

Pedeli imetoka! Mungu awabariki. Sasa kile kibadilisha gia cha nyuma nakifungua au nakiacha kilivyo?

Mama Mteremko:

Kifungue, kiache kwenye mnyororo wake, kizungushie kitambaa, kifunge kwa ndani ya fremu. Na tairi punguza upepo kidogo. Tairi Chakavu, nakusubiri, nimekuuliza kuhusu mbio za kushuka.