Santuri za kila aina katika kabati moja: nizipange vipi?

Mjukuu wa Ngamiani (Tanga) anauliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwa wenzangu wote. Marehemu babu yangu, aliyekuwa fundi mitambo katika mashamba ya mkonge, ameniachia kabati la mninga lenye santuri zaidi ya 140, na kila nikilifungua nashangaa jinsi mtu mmoja alivyoweza kuwa na masikio ya namna nyingi kiasi hicho. Humo mna taarabu ya hapahapa Tanga ya Black Star na Lucky Star, dansi la Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, Franco wa Kongo, nyimbo za filamu za Kihindi za Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi, Umm Kulthum wa Misri, na Jim Reeves, ambaye babu alimpiga kila Jumapili ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Zimo hata sahani tatu za Kigiriki, alizopewa na bwana shamba mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao.

Nilizipanga kwa mitindo: taarabu rafu ya juu, dansi chini yake, Wahindi na Waarabu rafu ya tatu, na waliobaki wote nikawasukumia chini kabisa. Matokeo yake ni kwamba tangu Ramadhani iliyopita mkono wangu haujashuka chini ya rafu ya pili. Zilizobaki nazifuta vumbi tu. Je, ninyi mlio na makusanyo yenye mchanganyiko kama huu mnayapanga kwa utaratibu gani, ili msikilize vyote na si kuvimiliki tu?

Nina swali jingine dogo. Mashine ninayotumia ililetwa na mjomba kutoka Marekani, nami naiunganisha kwa transfoma. Inafanya kazi, lakini waimbaji wote wanasikika kama wameamka na mafua, na zile sahani nene za zamani zinakwaruza mno.

Fundi Redio anajibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na mafua, kwa kuwa dawa yake naijua. Transfoma inashusha volti, lakini haibadilishi mizunguko ya umeme. Umeme wa Marekani ni wa mizunguko 60 kwa sekunde, na wetu ni wa 50. Kwa hiyo mota ya zamani inayofuata mizunguko hiyo huzunguka polepole, na sahani iliyotakiwa kwenda mara 33 na theluthi kwa dakika inakwenda karibu mara 28. Mpelekee fundi abadilishe kapi dogo lililo kwenye mhimili wa mota, liwekwe lenye kipenyo kikubwa kidogo, na Shakila, mwimbaji wetu wa taarabu, atarudi kuwa Shakila.

Sahani nene ni jambo tofauti. Zile zinazozunguka mara 78 kwa dakika si za plastiki. Zimetengenezwa kwa lakiri, utomvu wa wadudu wa India uliotumika pia kufungia barua, ukichanganywa na unga wa mawe. Mfereji wake ni mpana karibu mara tatu kuliko wa sahani za plastiki, hivyo sindano yako ya kawaida inatambaa chini kabisa mwa mfereji na kuokota taka zote zilizolala humo. Tafuta sindano yake maalumu. Na usithubutu kuzisafisha kwa spiriti, maana spiriti huyeyusha lakiri. Tumia maji safi yasiyo na chumvi na kitambaa laini, bila kulowesha karatasi ya katikati.

Kwa sababu hiyo mimi napanga kwa kasi: 78 peke yake, 45 peke yake, 33 peke yake. Zote zisimame wima, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na katika miezi ya masika mlango wa kabati uachwe wazi kidogo mchana, kwani unyevu wa bahari yetu huotesha kuvu ndani ya majalada. Mambo ya mitindo nawaachia wenye masikio.

Bi Mkubwa wa Chumbageni anajibu:

Ndugu Fundi amesema kweli kuhusu mashine, lakini swali la kijana lilikuwa la kusikiliza. Mwanangu, kupanga kwa mitindo kunaweza kufaa mji mwingine. Kwa santuri za Tanga kunakupotosha. Unapoitenga Black Star na Atomic Jazz kwa ubao wa rafu, unawatenga watu wa mji mmoja waliokuwa wakisikiana. Taarabu ya Unguja ya vikundi vikubwa kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, ilitazama Misri, kwa fidla zake, udi na ganuni. Taarabu yetu ya miaka ya 1960 na 1970 ilichukua gitaa la umeme, besi na mwendo wa rumba, ndiyo maana watu waliweza kuinuka na kuicheza. Na hiyo rumba ilifika Afrika kwa sahani pia: kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV iliuza barani humu nyimbo za Kuba zilizopewa namba zinazoanza na herufi GV. Wapiga gitaa wengi, toka Kongo mpaka pwani, walijifunza kwa kuzikariri.

Wahindi nao usiwaache rafu ya tatu. Watunzi wa taarabu walikuwa wakitoka sinema na lahani kichwani, kisha wakaivisha mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani. Hata Siti binti Saad, sauti yake iliingizwa kwenye santuri kule Bombay mwaka 1928.

Mimi kila Ijumaa baada ya Isha nachagua sahani tano, kwa sharti moja: kila inayofuata iwe na undugu na iliyotangulia. Huenda ni lahani, huenda ni mwendo wa ngoma, huenda ni mtu. Mathalani, Jamhuri Jazz ya hapa inanipeleka kwa Simba Wanyika ya Nairobi, kwa kuwa ndugu wa Kinyonga walipitia Jamhuri kabla ya kuhamia Kenya. Nikimaliza, narudisha sahani zikae jirani kama nilivyozisikiliza. Kabati langu halina utaratibu ambao mgeni angeuelewa, nami sina haja aelewe.

Mzee wa Bagamoyo anajibu:

Kwa heshima zote, Bi Mkubwa, mchezo huo unawafaa wenye sahani za 45. Wimbo wa Umm Kulthum unaweza kujaza pande zote mbili za sahani kubwa, na anayemweka kati ya nyimbo mbili za dakika tatu hajamsikiliza. Usiku wa Umm Kulthum ni wa Umm Kulthum. Hata hizo 45 za dansi zina adabu yake: mara nyingi upande wa kwanza una maneno na wa pili una chemko, yaani sehemu ya kuchangamka ya kuchezea, nanyi vijana mnaishia upande wa kwanza. Geuza sahani, kijana, kabla ya kuhangaikia rafu.

Mjukuu wa Ngamiani anajibu:

Nashukuru sana. Kapi limebadilishwa, na bibi yangu, ambaye kwa miezi alikuwa akisema mashine ile inaimba kama ng'ombe, jana aliacha kuchambua mchele akaja kukaa sebuleni. Nilijaribu mnyororo wa Bi Mkubwa: Lata, kisha Black Star, kisha Atomic Jazz, kisha Franco, nikigeuza kila sahani kama Mzee alivyoagiza. Kwa Jim Reeves nilikwama, mpaka bibi aliponiambia nimweke mwisho, kwa kuwa babu alimpiga wakati wa kufunga madirisha. Sasa sahani tatu za Kigiriki ndizo zilizobaki bila ndugu.

Bi Mkubwa wa Chumbageni anajibu:

Zijaribu usiku wa Umm Kulthum, baada ya yeye kumaliza. Mzee wa Bagamoyo atakasirika, lakini sikiliza vile vinanda vya nyuzi.