Aliyeachiwa huru, je, naye "amehukumiwa"?

Swali
Ndugu wapenzi wa lugha, habari zenu. Katika muhtasari wa kesi moja ya jinai nimeandika kwamba mshtakiwa "alihukumiwa baada ya miaka miwili, akaachiwa huru." Mhariri amelifuta neno "alihukumiwa" kwa madai kwamba linamfanya mtu huyo aonekane ana hatia. Mimi nilidhani kuhukumu ni kutoa hukumu tu, iwe ya kumtia mtu hatiani au ya kumwachia. Nani kati yetu amekosea?

Jibu la kwanza
Mhariri wako yuko sahihi, ingawa hoja yako nayo si ya kupuuzwa. Kitenzi hiki kinatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa hakimu, mahakama na hata hekima, na ndiyo maana twaweza kusema kadhi amehukumu baina ya ndugu wawili bila kumdhania yeyote ubaya. Nomino "hukumu" imebaki na uwazi huo. Lakini kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendwa, na mtu akawa ndiye kiima, msomaji husubiri atajiwe adhabu: amehukumiwa kifungo cha miaka mitatu, amehukumiwa kunyongwa. Usipoitaja, ataikisia mwenyewe. Andika: "Hukumu ilitolewa baada ya miaka miwili, naye akaachiwa huru."

Jibu la pili
Naafiki, na nina lalamiko langu kwa waandishi wa habari. Kutiwa hatiani, au kupatikana na hatia kama wasemavyo zaidi wenzetu wa Kenya, ni hatua moja. Kupewa adhabu ni nyingine, na katikati yake mshtakiwa hupata nafasi ya kuomba apunguziwe, hata ikabidi kesi iahirishwe. Anayetangaza "amehukumiwa" mara tu hatia inapothibitishwa ameitangulia mahakama. Tangu sheria ya Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama mwaka 2021, tofauti hii si ya wanaisimu peke yao.

Jibu la tatu
Msisahau kesi za madai. Huko hukumu hutolewa, ila mdaiwa aliyeshindwa kwa kawaida huamriwa kulipa, na akikaidi, mshindi huomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe mdaiwa kuitekeleza.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Sentensi nimeirekebisha, kisha nikagundua kwamba kichwa changu cha habari bado kinasema "Ahukumiwa, aachiwa." Nakirudia sasa hivi, kabla mhariri hajakiona.