Wachambuzi wa tabia mnafuatiliaje tafiti mpya? Naona naachwa nyuma na watoto ndio wanaumia

MamaKituo (Dar):
Heshima kwenu wakuu. Niko kwenye kituo kidogo cha watoto wenye usonji, mwaka wa sita huu, nilianza na kozi fupi ya ABA (uchambuzi wa tabia) na nilichofundishwa pale ndio natembea nacho mpaka leo. Sasa tuna mtoto wa miaka saba, kila tukimwekea kazi mezani anajing'ata mkono, na sisi tulikuwa tunamtoa akakae pembeni atulie kwanza. Miezi ikapita, badala ya kupungua ikazidi, mkono umeota sugu. Juzi nikaangukia makala ya Iwata na wenzake, ya 1982 ikachapwa tena 1994 kwenye JABA, jarida la uchambuzi wa tabia, nasoma huku roho inaniuma, kumbe kutolewa mezani ndio kitu alichokuwa anakitafuta, yani ni sisi tuliokuwa tunamfundisha kujing'ata.

Kitu cha 1994 mimi nakijua juzi! Vya mwaka huu je? Majarida mengi wanadai dola, kazini natoka saa kumi na moja, nyumbani nina wadogo wawili. Nyie mnasoma saa ngapi na mnapatia wapi?

kaka_wa_minnesota:
Pole sana dada, na hongera kwa kulisema wazi. Nafanya kazi hii huku Marekani, mwenye cheti cha BCBA, yani mchambuzi wa tabia aliyeidhinishwa na bodi ya BACB, anatakiwa apate yuniti 32 za kujiendeleza kila miaka miwili, 4 kati ya hizo za maadili, lakini mtu anaweza kuzimaliza zote kwa video na asiguse makala hata moja, kwahiyo usidhani huku wote tunasoma.

Kuhusu hela: JABA yote toka 1968 mpaka 2012 ipo bure PubMed Central, maktaba ya mtandaoni, na jarida la Behavior Analysis in Practice makala zake nyingi zipo humo humo, hiyo imeandikwa kwa watu wa kazini kama wewe. Halafu chukua hiyo makala yako ya Iwata, itafute Google Scholar, chini yake kuna sehemu inaonyesha makala zote zilizoinukuu, bonyeza, chagua za kuanzia 2020. Umetoka 1994 ukafika leo bila kulipa. Ukikwama kwenye ya kulipia mwandikie mwandishi barua pepe, mistari mitatu tu, mi wengi wamenitumia pdf.

Tabibu254 (Mombasa):
Naongezea hapo. Weka arifa kwenye Scholar ikuletee makala mpya kwa barua pepe, andika maneno ya shida ya mtoto wako na sio jina la taaluma nzima, ukiandika "autism" peke yake utaletewa lundo mpaka uache kufungua. Na tafiti zetu nyingi zina watoto watatu ama wanne tu, kwa hivyo mimi huanza na grafu, kisha nasoma hao watoto walikuwa nani, wanaongea ama hawaongei, walifanyiwa shuleni ama hospitali. Kama hawafanani na wangu natembea.

jabali_la_kusini:
Mi naona mnamchosha bure, kuna video fupi nyingi mtandaoni wataalamu wanaeleza vizuri tu, aangalie kwenye daladala.

BiMkubwa_Arusha:
Mwanangu Jabali, video nzuri zipo, ila ile ya kumtoa mtoto pembeni nayo imejaa kwenye video. Ndio tatizo lenyewe hilo, anayeongea hakuonyeshi data.

MamaKituo, mdogo wangu, usisome peke yako. Toka 2023 BACB haipokei waombaji wapya kutoka huku kwetu, kwahiyo hakuna bodi ya kutusukuma, lazima tusukumane wenyewe. Sisi kituoni Ijumaa moja ndio moja hapana, saa nane watoto wakishaondoka, mmoja kasoma makala moja anawaelezea wengine kwa Kiswahili, na wasaidizi wote wanakaa, hata ambaye hajui kingereza. Kuieleza kwa Kiswahili ndio kunaonyesha kama umeielewa. Tulibishana wiki mbili kwa neno moja, "reinforcement", tukisema zawadi walimu wanawaza pipi, kumbe kuondolewa kazi nako kunaimarisha tabia kama ilivyokuwa kwa mtoto wako. Tukakubaliana "kiimarishi". Siku ile ndio msaidizi wetu mmoja akasema basi mimi nimekuwa namwimarisha Fulani kupiga kelele, na hakuwahi kusoma jarida hata moja.

MamaKituo:
Asanteni jamani, nimesoma mara mbili mbili. Jana usiku nimefanya kama kaka alivyosema, nikakutana na ya Carr na Durand ya 1985, kumfundisha mtoto aombe badala ya kujiumiza. Leo tumempa kadi ya kuomba mapumziko, tulimshika mkono mara nne akaikabidhi, ya tano akaitoa mwenyewe. Baadae alijing'ata tena, lakini ile ya tano niliiona kwa macho yangu.

Bi Mkubwa, hiyo orodha yenu ya maneno ya Kiswahili naweza kuipata? Ijumaa naanza na wasaidizi wangu wawili.

BiMkubwa_Arusha:
Nakutumia inbox sasa hivi. Na andikeni mara ngapi anajing'ata kila siku kuanzia leo, hata kwenye daftari la shule.